Mabwawa, matete, tangi la gesi au mtambo wa hewa: kiwanda cha Nyanda za Juu Kusini kichague kipi?

Shemeji yangu anajenga kiwanda kidogo cha maziwa pembeni mwa Makambako. Kikifika uwezo wake kitapokea lita 10,000 kwa siku: maziwa ya pakiti, mtindi na jibini kidogo. Majuzi alinipigia simu usiku.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Za huko?"

"Nzuri, ila nina karatasi mbili mezani zinaninyima usingizi. Mmoja ananiuzia mtambo wa majitaka ndani ya kontena, anasema nichomeke umeme tu. Mwingine anataka eka nzima achimbe mabwawa. Nimshike nani?"

Nilimwomba anisomee karatasi zote mbili, mstari kwa mstari. Hakuna hata moja iliyotaja baridi. Hakuna iliyotaja mwinuko wa Makambako, wala nani atasimama pale alfajiri ya mwezi wa saba na kipimo mkononi. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa yeyote anayejenga kiwanda cha maziwa, bia, soda, nyanya au kahawa kuanzia Iringa hadi Mbozi. Nimehudumia mifumo hii kwa miaka. Mingi niliyoikuta imekufa ilikuwa mizuri kwenye michoro, ila ilichorwa kwa ajili ya mahali pengine.

Anza na kilichomo ndani ya mtaro

Lita 100 za maziwa zikimwagika mtaroni, kwa macho ni nusu pipa tu. Kwa mto ni sawa na uchafu wa siku nzima wa watu kama 200. Kipimo chake kinaitwa BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria wanakitumia kula uchafu kwa siku tano katika joto la nyuzi 20. Maziwa yana BOD ya karibu miligramu 100,000 kwa lita, hivyo lita 100 ni kilo 10. Mtu mmoja hutoa kama gramu 50 kwa siku. Samaki wa kijitoni hawafi kwa sumu ya maziwa, wanakufa kwa kukosa pumzi, kwa sababu bakteria wamemaliza oksijeni yote.

Majitaka ya majumbani huwa na BOD ya miligramu 200 hadi 400 kwa lita. Kiwanda cha maziwa kinachojitunza hutoa 1,000 hadi 2,000. Majitaka ya bia hupimwa zaidi kwa COD, kipimo cha haraka zaidi kinachohesabu karibu kila kinachoweza kuungua kwa kemikali, na mara nyingi husoma kati ya 2,000 na 6,000. Maji ya kuoshea kahawa ni makali zaidi, tena machachu hadi pH ya 4 (pH ni kipimo cha uchachu, kadiri inavyoshuka uchachu unazidi). Ya soda yamejaa sukari na kostiki ya kuoshea chupa, ila hayana naitrojeni ya kutosha kulisha bakteria.

Upande wa pili wa mizani kuna viwango vya taifa vya mwaka 2007 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Maji yanayotoka yasizidi BOD 30, COD 60, chembe ngumu 100, na pH ibaki kati ya 6.5 na 8.5. Kutoka 1,500 hadi 30 ni kuondoa asilimia 98. Hakuna njia hata moja kati ya nitakazozitaja inayofika hapo peke yake kwa gharama ambayo kiwanda kidogo kinaweza kuibeba. Kwa hiyo swali la shemeji, hili au lile, lina upungufu tangu mwanzo. Unachagua hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hatua ya kwanza kabisa iko ndani ya kiwanda chenyewe.

Chukua jibini lake. Ukitengeneza jibini kwa lita 1,000 za maziwa, unabaki na karibu lita 900 za yale maji ya rangi ya kijani-njano. BOD yake ni 30,000 hadi 50,000. Tukishika 40,000, ni kilo 36 kila siku. Sasa majitaka mengine yote ya kiwanda, ya kuoshea matangi, sakafu, keni na mabomba, yatakuwa kama mita za ujazo 25 zenye BOD 1,500, yaani kilo 37 na nusu. Umeona? Maji ya jibini peke yake yanaubeba mzigo sawa na kiwanda kizima. Akiyapeleka kwa wafugaji wa nguruwe, na Njombe hawakosekani, mfumo anaotakiwa kuujenga unapungua nusu siku hiyo hiyo, na nguruwe wananenepa. Kiwanda cha bia kina hesabu hiyo hiyo: machicha na hamira vikienda kwa wafugaji wa ng'ombe, mtaro unapumua. Hakuna mtambo wa kununua utakaokupa faida ya namna hiyo.

Baada ya hapo, viko vitu vitatu ambavyo kila kiwanda kiwe navyo, uchague mfumo wowote: wavu wa kuzuia vigumu, mtego wa mafuta unaosafishwa kweli kweli, na tangi la kusawazisha linalobeba angalau majitaka ya siku moja. Tangi hili watu wanalidharau. Asubuhi kiwanda kinaosha kwa kostiki na pH inapanda hadi 12, saa moja baadaye kinaosha kwa asidi na inashuka hadi 2. Vikikutana ndani ya tangi lenye kikorogeo, vinauana vyenyewe bila wewe kununua chokaa. Bila tangi, bakteria wako wanachomwa mara mbili kwa siku. Lakini usiyaache maziwa humo siku mbili, yatachacha.

Baridi na mwinuko, vile ambavyo karatasi hazikutaja

Mabwawa ya majitaka duniani hukadiriwa mara nyingi kwa kanuni za Duncan Mara wa Chuo Kikuu cha Leeds, na kanuni hizo zinaanza na swali moja: maji yana joto gani katika mwezi wa baridi kuliko yote? Nilichukua kilo 37 na nusu za shemeji, nikazipigia hesabu mara mbili. Mara ya kwanza kama kiwanda kiko pwani, mara ya pili kama kiko kwao.

| | Pwani, maji nyuzi 25 | Makambako mwezi wa saba, maji nyuzi 15 |
|---|---|---|
| Bwawa la kwanza, mzigo kwa mita ya ujazo kwa siku | gramu 350 | gramu 200 |
| BOD inayoondoka hapo | asilimia 70 | asilimia 50 |
| Ukubwa wake | mita za ujazo 107 | mita za ujazo 188 |
| Bwawa la pili, mzigo kwa hekta kwa siku | kilo 350 | kilo 167 |
| Eneo lake | mita za mraba 320 | mita za mraba 1,120 |

Bwawa la pili linakuwa kubwa mara tatu na nusu, kwa kiwanda kile kile na maziwa yale yale. Anayekuletea mchoro uliofanya kazi vizuri Dar es Salaam au Morogoro hakudanganyi, ila amekuletea nguo ya mtu mwingine. Ukiangalia hesabu hii, eka moja ambayo yule wa mabwawa aliiomba si ulafi. Ukiongeza tuta, njia za kupita, kitanda cha kukaushia tope na hatua ya mwisho, sehemu kubwa ya eka inakwisha.

Mwinuko nao una bei yake, na hiyo inamhusu yule wa kontena. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama 1,700, Njombe inakaribia 2,000. Hewa huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani. Maji safi ya nyuzi 20 pwani yanaweza kushika miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Hapa yanashika kama 7.4. Blowa, mashine ya kupulizia hewa, inavuta ujazo ule ule wa hewa kila dakika, lakini oksijeni iliyomo ni pungufu, na maji yenyewe yanaipokea kwa shida zaidi. Hata mota za umeme hutengenezwa kwa kukadiriwa hadi mita 1,000. Ukipanda zaidi zinapoa vibaya na hazistahili kubebeshwa mzigo wao wote. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, tulifunga blowa kama ilivyoandikwa kwenye kitabu cha muuzaji. Mwaka haukuisha, waya wa mota uliungua, na majitaka yalitoka meusi kwa wiki tatu tukisubiri nyingine. Nilikuwa mimi niliyetakiwa kuuliza kuhusu mwinuko.

Mabwawa

Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, mita mbili hadi tano, halina hewa, na kazi yake ni kuvunja uchafu mzito na kukalisha tope. La pili lina kina cha mita moja hadi karibu mbili, juu kuna mwani unaotoa oksijeni kwa jua, chini giza. Ikiwezekana la tatu, fupi, la kumalizia. Hakuna umeme kama mteremko upo. Nyanda za Juu mteremko haujawahi kuwa shida.

Yanahitaji mambo machache, lakini hayana msamaha. Fyeka majani ukingoni. Ondoa ukoko wa mafuta kwenye bwawa la pili. Toa tope la bwawa la kwanza kila baada ya miaka michache, tena kati ya mwezi wa sita na wa kumi, maana huku mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba na kuishia Aprili au Mei. Tope ukilimwaga kitandani Januari halitakauka. Jenga uzio. Mtoto akitumbukia kwenye bwawa lililotandikwa nailoni hawezi kupanda mwenyewe, kwa hiyo weka kamba au ngazi kila upande.

Harufu ndiyo inayogombanisha viwanda na majirani. Bwawa lililozidiwa mzigo linanuka mayai viza, na hali huwa mbaya asubuhi tulivu za baridi. Soma upepo wa eneo lako kabla ya kuchagua kona.

Mabwawa siyapendekezi Tukuyu na maeneo ya jirani bila kufikiri mara mbili. Mvua pale inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wa volkano sehemu nyingi unavuja kama chujio. Utahitaji nailoni nzito ya bwawa au udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na mitaro ya kuzuia maji ya mvua yasiingie. Usangu ni kinyume: jua kali, joto, ardhi tambarare. Kiwanda cha Igurusi au Rujewa kitajenga mabwawa madogo kuliko ya Njombe na yatafanya kazi vizuri zaidi.

Mtambo wa hewa

Mbinu yenyewe ni ya zamani, ilianzia Manchester mwaka 1914. Unapuliza hewa ndani ya tangi, bakteria wanaongezeka, wanakula, kisha unawaacha watulie chini, maji safi yanatoka juu, na sehemu ya tope inarudishwa kazini. Kontena la shemeji ni hili hili, ila kila kitu kinafanyika kwa zamu ndani ya tangi moja: kujaza, kupuliza, kutuliza, kutoa.

Sifa zake ni za kweli na sitazificha. Linakaa kwenye uwanja wa mita za mraba mia moja au pungufu. Kati ya njia zote hizi, ndilo linalofika BOD 30 kwa uhakika zaidi, na likiendeshwa vizuri linaondoa naitrojeni pia. Kwa kiwanda kilichobanwa na majirani, tuseme Iyunga mjini Mbeya, ambako huwezi kununua eka hata ukitaka, mara nyingi ndiyo njia iliyobaki.

Sasa gharama. Mtambo mdogo unakula kama uniti moja hadi moja na nusu ya umeme kwa kila kilo ya BOD. Kwa shemeji ni uniti 1,100 hadi 1,700 kwa mwezi, bila pampu. Halafu kuna tope: karibu nusu ya kila kilo inayoliwa inageuka kuwa tope jipya. Kilo 19 za tope kavu kwa siku zinasikika kidogo, lakini linatoka likiwa na maji asilimia 99, yaani karibu mita mbili za ujazo kila siku, na wauzaji wengi wa makontena hawachori mahali pa kuliweka. Umeme ukikatika saa nyingi bila jenereta, bakteria wanakosa pumzi, tope linaoza na kuelea, na kulirudisha sawa kunaweza kuchukua siku au wiki.

Kingine ni mtu. "Chomeka umeme tu" ni maneno ambayo sitaki kuyasikia tena. Mtambo huu unataka mtu anayepima oksijeni, anayeweka tope kwenye silinda ya lita moja kila asubuhi na kutazama linavyotulia kwa nusu saa, na anayejua la kufanya likikataa. Kama huna mtu huyo na hukusudii kumlipa, usiununue.

Tangi la gesi

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo nisome kwa tahadhari.

Miaka ya 1970, Gatze Lettinga na wenzake wa Wageningen, Uholanzi, walitengeneza tangi ambalo majitaka yanaingia kwa chini na kupanda taratibu kupitia blanketi la tope lenye chembechembe kama mbegu za ulezi. Hakuna hewa. Bakteria wanageuza uchafu kuwa methani. Viwanda vya bia duniani vililipokea kwa mikono miwili, na sababu zinaeleweka: majitaka ya bia hutoka yakiwa ya vuguvugu, yana sukari nyingi, mafuta hakuna. Kila kilo ya COD inayoondolewa inatoa hadi mita za ujazo 0.35 za methani. Kiwanda kinachotoa mita za ujazo 1,000 kwa siku zenye COD 3,000, kikiondoa asilimia 80, kinapata kama mita 840 za methani. Kwa joto lake, ni karibu sawa na lita 840 za dizeli kila siku kwenda kwenye boila. Tope linalozaliwa ni dogo sana kuliko la mtambo wa hewa. Kwa kiwanda kikubwa cha bia au soda Mbeya, sioni sababu ya kuanza na kitu kingine.

Kwa kiwanda kidogo cha maziwa mambo yanabadilika. Mafuta ya maziwa yanazishika zile chembechembe, zinaelea na kutoka nje pamoja na maji. Sukari ya maziwa inachacha upesi, pH ikishuka chini ya 6.5 bakteria wa methani wanagoma, na ukishawapoteza utasubiri miezi. Mbegu ya tope hilo huipati dukani. Unaiomba kwa mwenye tangi linalofanya kazi, au unaanza na kinyesi cha ng'ombe na kuvumilia.

Na baridi? Kila nyuzi kumi zinazoshuka, kasi ya bakteria hawa inapungua karibu nusu. Wengi huniambia, basi tutapasha maji kwa gesi yake yenyewe. Nilipiga hesabu hiyo kwa ajili ya shemeji. Mita moja ya ujazo ya majitaka yake yenye COD 3,000 itatoa gesi yenye joto la kama uniti 8.4. Kuipandisha mita hiyo hiyo nyuzi kumi kunataka uniti 11.6. Gesi haitoshi. Dawa ni kutopoteza joto ulilokwisha kulilipia: maji ya kuoshea mabomba yanatoka ya moto, yapeleke tangini kwa bomba lake, na maji ya kupozea na ya mvua yasiyaguse kabisa. Tangi lizikwe ardhini, juu liwe na udongo wa kutosha.

Kwa kiwanda kama chake napendelea tangi la vyumba, lile ambalo maji yanapanda na kushuka chumba hadi chumba. Halihitaji chembechembe za pekee, fundi mzuri wa zege analijenga, na likizikwa halisikii sana baridi ya usiku. Gesi yake itakuwa kidogo, ya jikoni kwa wafanyakazi labda. Yale matangi ya kuba ambayo mafundi wetu wanawajengea wafugaji ni mazuri kwa kinyesi kizito, lakini kwa mita 25 za maji mepesi kwa siku utahitaji kuba la kutisha.

Viwanda vya msimu vina sababu ya ziada ya kupenda njia isiyo na hewa. Mitambo ya kuoshea kahawa Mbozi na Mbinga inafanya kazi miezi michache, na bahati mbaya ni miezi ya baridi. Nyanya za Ilula nazo zina msimu. Bakteria wa mtambo wa hewa wasipolishwa wiki kadhaa wanakufa, unaanza upya kila mwaka. Wale wa tangi la gesi wanalala miezi na kuamka ukiwalisha taratibu. Kwa kahawa utahitaji chokaa kwanza, kwa uchachu ule.

Soda ina shida yake ndogo yenye tiba rahisi: sukari bila naitrojeni ni ugali bila mboga. Weka urea na DAP, mbolea zile zile za mahindi, kwa kipimo.

Kuna jambo moja sitalipita haraka. Gesi inayotoka humu ina haidrojeni salfaidi. Kidogo inanuka mayai viza, ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, kisha inamwua mtu. Methani nayo inalipuka. Asiingie mtu ndani ya tangi, shimo au chemba ya majitaka bila kupitisha hewa, kupima gesi, kuvaa mkanda wenye kamba, na wenzake kusimama nje. Na aliye nje asishuke kumfuata mwenzake aliyeanguka. Ndivyo wanavyokufa wawili na watatu kwa mpigo.

Matete

Kitalu cha kokoto kilichopandwa matete, maji yakipita chini ya kokoto, ni mbinu ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliieneza sana nchini, na Iringa iliwekwa Shule ya Sekondari Ruaha. Haina umeme, inapendeza, vyura wanarudi. Lakini ni mmaliziaji. Ukiingiza majitaka ya maziwa moja kwa moja, mafuta yanaziba kokoto ndani ya miezi na utazifukua zote kwa koleo. Iweke baada ya tangi au bwawa, ikipokea gramu zisizozidi sita hadi kumi za BOD kwa mita ya mraba kwa siku.

Kuipa mamlaka ya maji

Kama mtandao wa majitaka wa Iringa au Mbeya unapita jirani na uwanja wako, zungumza nao kabla ya kuchora chochote. Utatakiwa kusafisha awali, mafuta na pH hasa, kisha mabwawa yao yanamalizia na wewe unalipa ankara. Kwa kiwanda kidogo mjini hakuna kilicho nafuu zaidi. Makambako ilibidi tulifunge faili hili mapema.

Usiwadanganye kwa kumwaga maji ya jibini usiku. Unaua bakteria wanaohudumia mji mzima.

Tulichokichora

Kabla ya kuamua nilimtaka shemeji aende kwenye kiwanda rafiki cha ukubwa kama wake, apime majitaka siku saba mfululizo: ujazo, pH, joto, COD. Siku moja haitoshi, kwa sababu siku ya jibini na siku ya mtindi hazifanani. Nilimtuma pia Iringa, kwenye ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, maana kibali cha kutiririsha kinatoka huko. Anayejenga Mbeya mjini ataulizia Bonde la Ziwa Rukwa hapo hapo Mbeya, na wa Rungwe au Kyela ataenda Tukuyu, Bonde la Ziwa Nyasa. Cheti cha mazingira nacho kinatakiwa kabla ya kumwaga zege.

Kijito kilicho chini ya kiwanja chake, mwezi wa kumi kinabaki uzi wa maji. Yanaelekea Rufiji, kama yale ya Ruaha Mkuu, mto ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka karibu kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Niliona aibu kufikiria kumwaga chochote humo Oktoba, hata kikiwa kimefika BOD 30, kwa sababu wakati huo hakuna maji ya kukichanganya. Kwa hiyo tulipanga kiangazi chote maji ya mwisho yanyweshe majani ya tembo ya ng'ombe wake, na kijitoni yaende masika tu.

Kontena tuliliacha. Eka ya mabwawa tuliipunguza: tangi la vyumba lililozikwa litachukua nafasi ya bwawa la kwanza, kwa sababu ya harufu na baridi, kisha bwawa la pili kwa hesabu ya nyuzi 15, kisha matete. Nafasi ya blowa ndogo tumeiacha wazi na bomba lake limewekwa, endapo kiwanda kitakua. Kama angekuwa Iyunga ningemwambia anunue mtambo wa hewa na amwajiri fundi kabla ya kuununua. Kama angekuwa anapika bia, tangi la Lettinga.

Jumamosi tulipiga vigingi vya kupimia. Mke wake alisimama kwenye kona ya chini, upepo ukimvuma usoni, akauliza: "Na huyu wa kusafisha mtego wa mafuta kila siku ni nani?" Shemeji alimtaja kijana wa jirani aliyemaliza VETA. Tukamwita pale pale, tukamwonyesha.